Wembe wa Mashavu ya Baba

Matondoni, Lamu
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Husni,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Maskati, wewe na wenzako mnaokaa pamoja. Je, kile kifua kimepoa? Unakula vizuri? Mara ya mwisho sauti yako ilinitia wasiwasi, ingawa ulijitia kucheka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba anakula, analala, na ule mguu wa kulia sasa anauburura hadi barazani akishikwa mkono.

Utajiuliza mbona nakuandikia karatasi nami nina simu. Nakujua. Wewe hufungulia jumbe zangu za sauti chumba kizima kisikie, na humu mna siri ya mtu. Barua nimempa Bi Hindu, anayekuja huko kwa mwanawe. Nimeifunga kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Uliniuliza ununue wembe gani wa kukunja, kama ule wa vinyozi, kwa kuwa nyembe za plastiki zinakutoa vipele shingoni. Ukanitumia picha ya mmoja uliouona kwa muuzaji wa kwenye simu, unaong'aa, wenye maua ya dhahabu. Nilipouona nilishtuka, maana wa namna hiyo hiyo nimekwisha kuununua mimi. Kabla hujatoa pesa, nisikilize yaliyonipata.

Tangu Baba apatwe na kiharusi, Bwana Abubakr kinyozi alikuwa akija nyumbani kila Ijumaa asubuhi kumnyoa mashavu na shingo, akimwachia ndevu zake za kidevuni. Mashine ya umeme Baba haitaki kabisa. Ukiiwasha karibu naye anageuza uso ukutani. Basi mwishoni mwa Desemba Bwana Abubakr hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Nilipomfuata nilimkuta ameketi tu, mikono ndani ya mifuko ya kanzu, akaniambia ana kazi nyingi. Kazi gani, na kiti chake kitupu?

Nikamshuku. Nilidhani anauonea kinyaa uso wa Baba, ule upande ulioanguka na mate yanayomtoka. Rafiki yake wa tangu utotoni! Nikamwambia kwa hasira kwamba nitanunua wembe nimnyoe mwenyewe. Akainua kichwa.

"Usinunue kwa Jamaludin," akasema. "Nyembe zake ni za kutazama."

Hilo nalo nikalitia shaka. Nilijiambia huyu hataki kuja, na hataki mtu mwingine afanye kazi yake. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi mjini, moja kwa moja kwa huyo huyo Jamaludin, anayeuza vitu vya zamani na vinavyojitia vya zamani. Aliniuliza mara tatu wembe ni wa nani. Alinitazama kana kwamba nina mume niliyemchoka! Nilipomwambia ni wa kumnyolea baba yangu, akatabasamu, akanitolea kisanduku chenye kitambaa chekundu. Chuma cha Kijerumani, akaapa. Nilipomuuliza mbona hauna jina la fundi wala la mji, alisema limefutika kwa uzee. Lakini maua yale ya dhahabu hayakuwa yamefutika hata kidogo. Niliona, Husni, nami nikanunua, kwa ukaidi tu.

Nyumbani nilijipaka povu la sabuni mkononi mwangu, nikajaribu. Haukunyoa. Uliving'oa vinyweleo, kisha ghafla ukazama, nikatokwa na damu. Nilikaa chini jikoni. Unajua Baba anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na daktari alituonya kwamba hata mkwaruzo mdogo unaweza kuvuja muda mrefu. Je, kama ningelianzia kwake?

Nilirudi kwa Bwana Abubakr nimefunga kitambaa mkononi, wembe kwenye kikapu. Sikumpa hata salamu ya maana. Nikamuuliza: "Niambie kweli. Baba yangu amekukosea nini?"

Alichungulia mlangoni kwanza. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaunyosha mbele yangu. Ulikuwa unatetemeka, Husni, kama jani. Aliushika kwa mkono wa pili, usitulie.

"Ndoo hapa, ukae, mwanangu," akasema. "Babako damu yake haizuiliki. Nikimkata, nitamwambia nini Mola wangu? Na nikisema mkono umeniharibikia, nani atanipa shingo yake tena?"

Niliona haya hata sikujua nitazame wapi. Wiki zote zile nilimdhania mtu mambo ambayo hayakumpita hata moyoni. Siri hiyo ameniomba nisiitoe, nami nakuambia wewe tu kwa sababu ulimlaumu pia, tena kwa maneno mazito kuliko yangu.

Basi akauchukua ule wembe wangu, akanionyesha. Aliufungua na kuukunja polepole: ulikuwa unagusa mpini upande mmoja, na wembe mzuri huingia katikati. Akaulaza juu ya kioo, ukachezacheza, yaani umepinda. Akanionyesha na ncha yake kali. Mwanafunzi, anasema, atafute ncha ya mviringo, maana ncha kali ndiyo inayokata sikio na pembe ya mdomo. Upana uwe wa wastani, kama kidole. Na hata ukipata mzuri, utahitaji mkanda wa ngozi wa kuusugua kila unyoapo na jiwe la kuunoa, na mtu wa kukufundisha kunoa. Hewa ya bahari nayo inautia kutu ukisahau siku moja kuukausha na kuupaka mafuta.

Kwa hivyo mtu anayeanza aanze na ule unaokunjwa vivyo hivyo, lakini unatiwa nusu ya wembe mpya wa dukani kila mara, kisha unaitupa. Mkono unajifunza, na makali hayana haja ya kunolewa. Bwana Abubakr alinipa wake mmoja, nikamnyoa mume wa Shangazi Huwaida majuma matatu mazima. Alikubali, ila kila mara alisoma shahada kwanza.

Ijumaa iliyopita ikawa zamu ya Baba. Bwana Abubakr alikuja, akaketi karibu nami, mikono mifukoni, akinielekeza kwa sauti ndogo: taulo la moto kwanza, vuta ngozi juu, laza wembe, usikandamize, fuata nywele zinakoota. Upande ulioanguka ndio mgumu, kwa kuwa ngozi imelegea na lazima uishike. Baba hakuniamini. Jicho lake zima lilikuwa limeukodolea wembe, likienda nao shavuni, likirudi nao, likinihoji. Nilipofika chini ya taya alinishika kanzu, akaniganda.

"Mwache amalize, Athman," Bwana Abubakr akamwambia. "Mkono wake mwepesi kuliko wangu."

Baba akamtazama rafiki yake, akaiona mifuko ile ilivyokuwa ikitikisika. Nadhani aliyaelewa yote hapo hapo. Akaniachia kanzu, akainua kidevu, akafumba jicho.

Halikutoka hata tone la damu.

Shangazi Huwaida na mumewe wanakusalimu sana, na Bwana Abubakr pia; amekubali kila Ijumaa awe anakunywa chai kwetu. Nisalimie Rayyan mnayeishi naye. Yule muuzaji wa kwenye simu usimtumie kitu mpaka nione picha ya wembe umelazwa juu ya kioo. Mola akulinde uendako na urudiko, na akufikishe Ramadhani ukiwa na afya.

Dada yako akupendaye na kukuombea,
Radhiya