Sufuria ya Mama Sifa

Dada Zuhura, shikamoo.

Nipo mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, jua kali, hata kalamu inanuka dagaa. Yule mwanamke shujaa wa filamu tunayoiandika, tumnyang'anye bunduki.

Leo nimemsimulia Mama Furaha, mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa anayeanika dagaa hapa, habari za shujaa huyo. Nikamwambia mwanamke wetu haogopi wala halii. Akacheka. "Kwani huyo hana mtu wake wa kumlilia?"

Akanionyesha sufuria. Aliiazima kwa jirani yake, Mama Sifa, asubuhi ileile vita vilipoingia mtaani kwao. Alikimbia nayo, wakapoteana. Sasa kila boti ya wakimbizi ikionekana, anaijaza dagaa wa mawese, anaingia majini akiita, "Mama Sifa!"

"Mbona unaijaza?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Mwanangu, chombo cha watu kinarudishwa kitupu?"

Boti ikafika tukiongea. Mama Sifa hakuwemo. Mama Furaha akalia mbele za watu, akawagawia wageni chakula chote, akaisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa, akarudi jikoni kuijaza tena.

Dada, shujaa wetu tumpe sufuria.

Nibusie watoto. Na lile bakuli la jirani lililo kabatini kwetu, lirudishe leo, tena na kitu ndani.

Mdogo wako,
Mwajuma