Neno la Alhamisi Niliyokosa

Alhamisi, 1 Februari

Baridi ya kukata masikio. Nimetoka klabuni sasa hivi, koti bado liko mwilini, naandika kabla sijajidanganya.

Evelio amerudia neno.

Miaka arobaini na tano tunakutana Alhamisi, kahawa baada ya chakula cha mchana, meza ile ile ya dirishani. Kila mmoja anakuja na neno moja gumu kutoka kwenye kamusi yetu ya Kihispania. Wenzake wanabahatisha maana, mwenye neno anafichua limetoka wapi, Kilatini au Kigiriki, kisha tunalizika. Neno lililokwisha kuwekwa mezani halifufuki. Anayelirudia anagongewa meza kwa kifundo cha kidole na kuwanunulia wote kinywaji cha anisi. Mara ya mwisho alikuwa marehemu padri Lupicinio, na yeye alikuwa na homa.

Leo Evelio kasema: lubricán. Ule mwanga wa jioni ambao mchungaji hajui anayemjia ni mbwa wake au ni mbwamwitu. Lupus na canis, akaeleza taratibu, kama bado yuko dukani kwake anapima dawa.

Na hilo ndilo neno lake la kwanza nililolisikia! Nilikuwa mwalimu mpya wa Kilatini, nimetoka León na sanduku moja na viatu visivyojua theluji.

Saturio, daktari wetu wa mifugo, naye alikumbuka. Nikaona kidole kinainuka. Nikampiga teke chini ya meza.

"We mwalimu!" akaruka. "Nimetibu nyumbu wa wilaya nzima, hata mmoja hajanipiga teke kama hili."

Evelio alicheka sana. Sijui alijua anacheka nini.

Ijumaa, 2 Februari

Usingizi wa mang'amung'amu. Mzee wa miaka sabini na sita ana haki ya kusahau neno moja. Mimi juzi nilitafuta miwani nusu saa nikiwa nimeivaa.

Ila Evelio si mtu wa kusahau. Mitungi ya duka lake aliijua kwa kuigusa tu.

Ninayemwogopa ni Maite, binti yake. Tangu mama yake afariki anataka kumhamishia baba kwake Bilbao. Chumba kiko tayari, kitanda kimeshanunuliwa. Krismasi aliniambia wazi: siku baba atakapoanza kupotea, hata kidogo, atafunga nyumba na kumchukua. Ana haki, ni binti yake. Lakini Bilbao — gorofa ya sita, mvua dirishani, na hana mtu wa kumwekea neno.

Na mimi je? Nibaki na Saturio na punda zake?

Alhamisi, 8 Februari

Alhamisi ya soseji, ya kujishibisha kabla ya Kwaresima. Chus, mwenye klabu, alituletea mikate yake na soseji ndani, mafuta yanachuruzika mpaka viwikoni.

Evelio: antruejo. Siku hizi hizi za sherehe. Kutoka introitus, mlango, pa kuingilia.

"Pa kuingilia njaa!" akadakia Saturio. Utani ule ule alioutoa mara ya kwanza. Utani hauna sheria, ndiyo bahati yake.

Maana mara ya kwanza ilikuwepo, neno hili nalo alishaliweka. Kipupwe kile kile cha lubricán. Nikajipa moyo: msimu wenyewe umefika, nani asingelifikiria? Nikakanyaga kiatu cha Saturio kabla hajainua mkono. Akaninong'oneza kwamba nikiendelea hivi atanitoza gharama za daktari.

Tulipokuwa tunavaa makoti Evelio kanipa kiboksi cha peremende za urujuani. Zile za Madrid! Sijaziona tangu nikiwa msichana. Zamani aliniletea kila Alhamisi, akisema dukani zimebaki.

Jumapili, 11 Februari

Nimezimaliza zote. Zina ladha ya sabuni, kama zamani. Nimelia kidogo, nikaosha uso, nikaenda misa.

Alhamisi, 15 Februari

Leo nilimtegea. Nikaweka palinodia. Neno la Kigiriki, shamba lake, ili nimtazame usoni. Palin, tena, kurudi nyuma, ode, wimbo. Kuuimba wimbo wako upya, kuyameza uliyoyasema.

"Tena," akasema Evelio. "Zuri hilo, Obdulia. Wewe na Kigiriki! Dunia imekwisha."

Kisha akaweka lake. Conticinio. Saa ile ya usiku ambayo kila kitu kimenyamaza, mbwa, maji, watu. Kutoka conticescere, kunyamaza wote pamoja.

Basi sikuwa na la kujidanganya. Hilo pia nalijua. Nililisikia pale pale dirishani, theluji inaanguka, na yeye alipomaliza kulieleza sote tulinyamaza kweli, meza nzima, watu saba, tukisikiliza. Nilikuwa na furaha siku ile. Naiandika hivyo hivyo: nilikuwa na furaha, na sikujua kwamba ndiyo furaha.

Saturio hakuinua hata kidole. Njiani akasema, "Mwalimu, huyu mzee wetu anaondoka kidogo kidogo." Nikamwambia afunge mdomo, baridi itamwingia.

Jumanne, 20 Februari

Nilikuwa namenya vitunguu saumu vya supu, mara nikasimama na kisu mkononi.

Lubricán. Antruejo. Conticinio. Anafuata mpangilio! Mtu anayesahau anarudia ovyo, kama kuku anayedonoa. Huyu anapita njia ile ile, hatua kwa hatua, tangu siku niliyofika.

Na jingine. Evelio ni mtu wa Kigiriki. Miaka yote hii amekuwa akituletea Kigiriki, maneno ya maradhi na ya nyota, mpaka Saturio anaziba masikio. Ni kipupwe kile kimoja tu alichokuja na Kilatini, kila Alhamisi. Mwalimu mpya wa Kilatini alikuwa nani? Obdulia, we mpumbavu! Imekuchukua nusu karne na kichwa cha kitunguu saumu.

Lililofuata baada ya conticinio silijui. Alhamisi ile sikwenda. Wazazi wa Fermín walikuja nyumbani kunichumbia. Mimi nikavishwa bangili, Fermín akapewa saa. Wiki iliyofuata nilipoonyesha bangili mezani Evelio alinipongeza, akaweka neno la Kigiriki. Peremende zikakoma. Dukani zimekwisha, alisema.

Fermín alikuwa mume mwema. Simlalamikii na sijutii watoto wangu. Lakini neno lile sikuambiwa, na kwa sheria yetu aliyekosa Alhamisi haulizi.

Alhamisi, 22 Februari

Evelio ana mafua, hakuja. Tulikuwa wawili, na kiti chake katikati kama jino lililong'oka.

Nikamvaa Saturio kabla hajatia sukari.

"Alhamisi ile niliyochumbiwa. Evelio aliweka neno gani?"

"Asiyekuwepo na lake halipo."

"Saturio!"

"Sheria ni sheria, mwalimu. Ungekuja." Akakoroga kahawa weee, mpaka ikapoa. "Nitakwambia moja tu. Lilikuwa jepesi mno. Neno la nyimbo za redioni, hata mpishi wangu alilijua. Nikamcheka. Nikamwambia, bwana, sisi tunaleta almasi, wewe unatuletea kokoto. Akaeleza asili yake. Nikaacha kucheka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa anatazama kiti chako."

Alilipa haraka akaondoka. Kofia ameisahau, iko hapa kwangu.

Jumapili, 25 Februari

Maite kaja kumwuguza baba yake. Nilipeleka supu. Evelio alikuwa kitini, blanketi hadi kidevuni, akaniuliza habari za mafua yangu. Mafua ni yake! Au alinitania? Pua yangu ilikuwa nyekundu kwa baridi.

Jikoni Maite akafunga mlango.

"Shangazi Obdulia, usinifiche. Baba anarudia vitu?"

"Vitu gani?"

"Wiki hii kanipigia simu mara mbili kuniambia bomba la jikoni linavuja. Shangazi, mimi niko mbali. Akianguka hapa peke yake, mtaniambia nini?"

Alikuwa na macho mekundu. Si mtu mbaya, ni mtoto mwenye hofu. Nami nikaropoka: kichwa chake kizima, njoo Alhamisi umsikie mwenyewe mezani!

Ulimi wangu huu! Akakubali papo hapo. Saturio alishamsimulia sheria zetu zote kwa majigambo, mbwatukaji yule. "Sawa," akasema Maite. "Akiwa mzima nitarudi Bilbao na sitalitaja tena. Akirudia hata neno moja, Ijumaa naondoka naye."

Jumatano, 28 Februari

Nimepita kwa Evelio, nimempata kwenye ngazi za mlango anaota jua. Nilikusudia kumwonya. Niseme nini, hata hivyo? Kama anasahau, nitamtia hofu. Kama anafanya makusudi, nitamwaibisha.

Tukaongea habari za korongo waliorudi kwenye mnara wa kanisa. Akasema kesho nisichelewe.

Akileta neno jipya, anabaki. Atakuwa nami kila Alhamisi mpaka mmoja wetu afe, na sitalijua lile neno kamwe. Akilileta lile, nitalisikia, halafu keshokutwa yuko kwenye gari la Maite na mablanketi yake.

Nimeomba alete jipya. Nimeomba kwa mdomo. Moyo ulikuwa unaomba jingine, na Mungu anajua tofauti.

Alhamisi, 1 Machi

Naandika chooni mwa klabu. Shajara iko juu ya goti, mlango nimeufunga kwa komeo. Bibi mzima!

Tulikaa wanne. Maite alikaa kwenye kiti cha marehemu padri, mkoba mapajani. Evelio alikuwa amenyoa, shati jeupe, tai. Nikaweka langu, hata silikumbuki. Saturio akaweka la ugonjwa wa kwato, Chus akamwomba aheshimu vikombe vyake.

Evelio akasafisha koo.

"Añorar," akasema.

Maite akashusha pumzi. "Baba, si hilo ni la kila siku? Kumkumbuka mtu kwa uchungu. Hata nyimbo za redioni zinalo."

Redioni! Nikamtazama Saturio. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"La kila siku, ndiyo," Evelio akamwambia binti yake. Lakini uso ulikuwa kwangu. "Tumelipata kwa Wakatalani, nao kwa Kilatini. Ignorare. Kutojua. Kumwañorar mtu si kwamba yuko mbali. Ni kwamba hujui yuko wapi. Unakaa mezani, kiti chake kitupu, na hujui yuko wapi."

Nikalielewa lote. Mwalimu wa Kilatini, ignorare nimelifundisha maisha yangu yote, watoto wamenitungia sentensi elfu nalo, na sikuwahi kulisikia.

Maite akaniuliza moja kwa moja. "Shangazi, niambie kweli. Hilo ni jipya?"

"Mimi kwenye meza hii sijawahi kulisikia," nikasema. Na ni kweli tupu, naweza kuapa mbele ya padri.

Mabega ya Maite yakashuka. Akatabasamu, akamshika baba yake mkono. Kisha, kwa sababu ni binti wa mfamasia na anapima mara mbili, akageuka upande wa pili.

"Na wewe, Mzee Saturio?"

Saturio! Hajui kudanganya hata kwenye karata, ndiyo maana hakuna anayemtaka kwenye timu. Akavuta kikombe chake. "Subiri, binti, nimalize kahawa yangu." Kikombe kilikuwa kitupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umekunjwa. Mguu wangu haukufika, Maite alikuwa katikati.

Nikasimama. Machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka wayaone. Evelio akanishika mkono wa koti.

"Unakwenda wapi tena, Obdulia?"

"Narudi sasa hivi."

"Nitajuaje?"

"Nimekwambia narudi!"

Akaniachia. Nikaja hapa mbio, kwa miguu yangu hii.

Ukuta ni mwembamba. Nasikia vijiko. Nasikia mashine ya kahawa ya Chus, sasa imezima. Maite anauliza tena, kwa upole, sisikii maneno. Kiti kinaburuzwa. Saturio hajagonga meza. Nimeshika komeo, niko tayari kutoka, lakini kwanza nasikiliza meza. Hajagonga bado