Tulipozunguka Juu ya Ruvuma

Shikamoo kaka Festo,

Nimefika Mtwara salama, ila moyo haujatulia. Kutoka Dar kwa ndege ni kama kilomita mia nne, mwendo wa saa moja tu. Lakini jana mvua ilifunika kiwanja, tukabaki tunazunguka juu ya mdomo wa Ruvuma. Mara tuone maji ya tope yakiingia baharini, mara mawingu matupu.

Kando yangu aliketi Bi Somoe, mama wa makamo, anakwenda Nanyamba kumzika kaka yake.

"Wanamtoa baada ya Adhuhuri," aliniambia. "Mwanangu, mbona hatushuki?"

Nikamjibu kwamba rubani anasubiri mvua ipungue. Akanishika mkono, akauliza tena. Na tena.

Tulipotua nilimpandisha kwenye gari la ofisi lililokuja kunipokea, nikamwomba dereva tuanzie Nanyamba. Njia nzima hakuegemea kiti. Tulikuta wanaume wameshaliinua jeneza. Walipomwona wakalishusha, wakamfunulia uso wa marehemu.

"Nimefika, Hamisi," akasema, basi.

Leo kazi hainiingii. Nimetoka nje kila mara kukupigia, simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia. Ijumaa nikishuka Dar sitalala huko, napanda basi moja kwa moja hadi kwako Makambako. Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Huenda nikaitangulia kadi hii.

Mdogo wako akupendaye,
Neema