Rimoti ya Masikio Nimeondoka Nayo

Mwanangu, na wewe baba yake,

Chai ipo kwenye chupa. Rimoti ya vipandikizi vyangu vipya vya masikio, hivi vya kunisaidia kusikia, msiitafute, ninayo.

Asubuhi nilikuwa jikoni naichezea, nataka tu kujua nikiipandisha hadi mwisho nitasikia nini. Nikawasikia nyinyi sebuleni. "Mama asirudi kwenye ushonaji," baba yako ananong'ona, "wateja watachoka kumrudilia maneno."

~~Sikuumia.~~ Niliumia. Ila nilibaki nimesimama pale pale nikisikiliza, maana sikujua mume wangu akinong'ona ana sauti tamu hivyo.

Nimekwenda kufungua duka langu la ushonaji. Chakula cha mchana msinisubiri. Nina hamu ya kusikia cherehani yangu inaliaje, na nikishaanza kushona sitataka kuinuka.

Mama