Jina la Salehe kwenye Kadi Yangu

Jumatatu, 1 Septemba
Nimefua, nimeanika, nimehesabu siku. Eda bado. Salehe kaniandikia talaka moja, na tangu hapo nimeona hedhi mara mbili. Nikiiona ya tatu, nimetoka mikononi mwake. Kabla ya hapo akitamka tu kwamba amenirejea, mimi ni mkewe tena, nitake nisitake. Sitaki. Namwogopa. Taya aliponipiga bado linauma nikitafuna.

Alhamisi, 4 Septemba
Shangazi, ninayekaa eda kwake, kaniruhusu nitoke mara moja. Benki. Kadi imeandikwa Zainabu Salehe, jina nililolichukua kwa furaha, mjinga mimi. Nataka Zainabu Athumani, la marehemu baba. Mshahara wa chekechea usiingie tena kwa jina la yule mtu. Nimejaza fomu, nimetoa karatasi ya talaka. Binti wa dirishani mpole. Kasema watapiga simu kwenye namba ya akaunti kuhakiki.

Nimefika nyumbani Makorora ndipo nikakumbuka. Namba ile ni ya Salehe. Aliiandikisha mwenyewe, kila ujumbe wa benki unaingia kwake. Nimekaa chini pale pale uani.

Jumatatu, 8 Septemba
Benki wamempigia. Kajua nataka kulifuta jina lake, kampigia shangazi, anacheka. Jumapili anakuja kutoka Pangani na wazee wawili, anirejee mbele yao.

Sijala.

Alhamisi, 11 Septemba
Hakuna kitu. Kawaida yangu siku ya ishirini na nane. Leo ya thelathini. Hofu ndiyo inayoizuia, na nikijua hivyo naogopa zaidi. Nimeenda chooni mara tisa.

Jumamosi, 13 Septemba
Bado. Nilitaka kukimbilia Muheza kwa rafiki yangu. Shangazi kakataa: "Ukikimbia hatangoja Jumapili, atatamka huko huko aliko. Kaa, mwanangu." Nimekaa. Nimemkasirikia kwa sababu kasema kweli.

Jumapili, 14 Septemba
Imekuja alfajiri. Nimelia bafuni, kanga mdomoni. Nimemwonyesha shangazi. Kasema yu tayari kuapa mbele ya yeyote.

Wamefika saa nne. Nilikuwa chumbani, mgongo mlangoni. Niliposikia sauti yake nikasukuma komeo. Shangazi akawaambia, "Eda imekwisha alfajiri. Mmechelewa." Salehe akapandisha sauti. Mzee mmoja aliyekuja naye akamwambia, "Basi, bwana. Huyu si mkeo tena." Wakanywa kahawa, wakaaga. Yeye alisimama kitambo nje ya dirisha langu. Sikupumua.

Jumanne, 7 Oktoba
Nilikuwa nafua. Simu ikalia, nikaruka, nikapiga ndoo teke, maji yote chini. Kumbe benki. Wameandika Zainabu Athumani na namba mpya niliyorudi kuwapa, mshahara umeingia. Ujumbe umekuja kwenye laini yangu mimi, na hakuna mwingine aliyeupata. Nimeusoma mara tatu. Kisha nimekagua komeo la mlango, kama kila siku, nikarudi kuanika.