Nyundo Ndani ya Debe la Ulezi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Sumbawanga, Jumanne tarehe 11 Februari 1975, saa nne asubuhi.
Jina: Cornelia Kalisti. Umri: miaka 54. Kazi: mkulima. Dini: Mkatoliki. Makazi: Kijiji cha Ujamaa Tupendane, njia ya Kasense.

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Zenon, mlinzi wa ofisi ya kijiji chetu, mmemlaza mahabusu siku mbili kwa wizi wa nyundo ya chuma. Hakuiba. Niliichukua mimi, na sijuti.

Nyundo hiyo ilikuwa ya babu yangu, mfua chuma. Alipofariki, bibi aliiviringisha kwa nguo ya pamba aliyoifuma mwenyewe, akaifukia ndani ya nyumba. Mwaka jana tulipohamishiwa kijijini niliifukua. Nguo haikuwepo, ilikuwa kutu tupu.

Mwezi Novemba alikuja mtaalamu wa maabara ya vitu vya kale kutoka Dar es Salaam, Ndugu Isakwisa. Alikwangua kutu kiasi cha punje moja ya ulezi, akaenda kuipima. Aliporudi tarehe 20 Januari aliniambia, "Mama, nyuzi za pamba zimegandana na kutu. Nguo ya bibi bado ipo. Isisuguliwe, wala isipate unyevu." Akaifungia kwenye kopo pamoja na chembe za buluu za kufyonza unyevu, akaikabidhi ofisi ya kijiji itunzwe.

Katibu wetu, Ndugu Andwele, alilifungua kopo. Alipoziona zile chembe akadhani ni mrututu, akawagawia watu wenye vidonda. Yeye ndiye msomi, mimi sikusoma. Vidonda havikupona, na nyundo ikaanza kutoa jasho jekundu.

Mnamo tarehe 8 Februari, saa tisa alasiri, nilimkuta na ndoo ya mchanga. Akasema, "Alhamisi tuna wageni wa mkoa. Kesho jioni hiki chuma kitasuguliwa king'are."

Nikamwambia, "Hiyo kutu ndiyo nguo ya bibi yangu."

Alicheka. "Mama, nguo gani? Nenda kapalilie."

Sikwenda kupalilia. Jumapili saa mbili asubuhi, watu wote wakiwa kanisani, Zenon naye akiwemo, niliingia ofisini kupitia dirishani. Dirisha lile halina komeo, kijiji kizima kinajua. Chembe za buluu sikuwa nazo, basi nilikaanga ulezi hadi ukakauka kabisa, nikaupoza umefunikwa, nikaizika nyundo humo ndani ya debe. Majirani waliniona nikikaanga ulezi nisioula, sasa wanasema mimi mchawi. Waseme! Kukosa Misa nitaungama kwa padri. La nyundo siungami.

Mwachieni Zenon, ana watoto. Debe nimekuja nalo, lile pale mlangoni. Ulezi hukaangwa upya kila siku ya pili, na leo ndiyo siku yake. Mkinifunga, tafuteni wa kukaanga.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, na hakuna neno la kufuta.

(Dole gumba la kulia: Cornelia Kalisti)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Urbano. Nilimshauri shahidi apunguze maneno kuhusu Katibu, amekataa. Zenon ameachiwa saa sita mchana. Kielelezo: debe moja, nyundo moja, ulezi pishi mbili. Ulezi umekaangwa saa saba kwenye jiko la kituo, mtuhumiwa mpya akisimamia.