Alianza Kila Safari kwa Wosia

Shikamoo dada Upendo. Mimi mzima, ila miguu imevimba hata viatu haviingii. Nimekaa juu ya marobota ya nguo hapa mtaa wa Guangyuan Xilu, huku Uchina, tunangoja mvua ipungue ili wapagazi wayabebe. Pembeni yangu yuko Galina, mama wa Kirusi anayenunua majaketi. Zamani alikuwa mwalimu wa historia. Ameniona nasinzia, akanigawia uji wake wa mchele, akasema namkumbusha mtawala wao mmoja wa kale.

Huyo bwana alitawala chini ya Wamongolia. Kila akiitwa na mfalme wao, alisafiri miezi mingi kwenda kumpigia magoti, ili mji wake usichomwe moto. Watu wake wakamwita mwoga. Yeye akaendelea kwenda, na kabla ya kila safari aliandika wosia. Mara ya mwisho mfalme alimwachia salama, lakini akafia njiani, amechoka, hajafika kwake.

Nikakukumbuka wewe. Uliponiuliza habari za wosia nilikufokea kwamba unanichuria. Nisamehe, dada. Basi nisiporudi, wanangu uwalee wewe, si baba zao wadogo, na nyumba aliyotuachia marehemu baba yao ni ya watoto.

Wabusu wote wawili. Najua kadi hii itapitia sanduku la posta la parokia, na katekista ataisoma kabla yako, kisha mkewe, kisha kwaya nzima. Ndiyo maana sikununua bahasha. Hao ndio mashahidi wangu.

Mdogo wako,
Neema